Mjadala: "Uongozi wa kwanta" una kazi gani katika ofisi zetu?

Majuzi tulikusanywa ukumbini Nyali, Mombasa, sisi wa ofisi za kutoa mizigo bandarini, tukafundishwa "uongozi wa kwanta", yaani uongozi unaodai kufuata fizikia ya vitu vidogo mno. Mkufunzi akasema Heisenberg, mwanafizikia wa Ujerumani, alionyesha mwaka 1927 kwamba kiongozi akimtazama mfanyakazi, yule mfanyakazi hubadilika. Makofi yakapigwa. Mimi napinga, na naomba tulijadili kabla hatujakubali fedha za umma zilipie mafunzo ya namna hii.

Heisenberg hakuwazungumzia makarani. Kanuni yake inahusu vitu kama elektroni, chembe ndogo mno zilizomo ndani ya atomu: kadiri mahali ilipo panavyojulikana barabara, ndivyo mwendo wake unavyozidi kutojulikana. Kwa kitu kikubwa kama binadamu, athari hiyo ni ndogo kiasi kwamba haipimiki. Karani hubadilika akitazamwa kwa sababu anaogopa kufutwa. Hiyo ni hofu, na hofu ina dawa yake.

Mama mmoja mtu mzima aliyekaa karibu nami aliniambia, "Mwanangu, huo ni mfano tu. Ukiwaamsha watu umefanya kazi." Shikamoo yake naitoa tena hapa, lakini sikubaliani naye. Mfano ukivishwa joho la sayansi, asiyesoma fizikia huona haya kuuliza. Ukumbi mzima ulinyamaza siku ile.

Na sayansi ya kutufaa ipo, tena ya zamani. Mwaka 1909 Erlang, mtu wa Denmark, alichapisha hesabu za simu zinazoingia bila mpangilio, na humo ikazaliwa hesabu ya foleni. Chukua kaunta moja, watu wafike ovyo ovyo, na muda wa kumhudumia kila mmoja nao ubadilike ovyo ovyo. Karani akishughulika 80% ya muda, wastani wa walio pale, pamoja na anayehudumiwa, ni 4. Akifika 90% ni 9. Akifika 95% ni 19! Yaani ukimbana kidogo tu zaidi, foleni inazidi maradufu. Ofisi moja niliyofanya kazi, mkubwa alimkuta karani amekaa bure saa ya adhuhuri, akaifuta nafasi yake ya kazi. Madereva wa malori wakaanza kulala nje wakingoja karatasi, na sisi tuliobaki tukaitwa wavivu. Yule karani hakuwa amekaa bure. Muda wake ule wa wazi ndio uliokuwa ukiimeza foleni.

Kipepeo naye alitajwa: eti akipiga mbawa huku huweza kuleta tufani kule, kwa hiyo kitendo chako kidogo kitabadilisha dunia. Mfano huo unatokana na kazi ya Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani. Mwaka 1961 alirudia hesabu ya hali ya hewa kwa kompyuta, akaandika 0.506 palipokuwa na 0.506127, na hewa aliyoipata baadaye ikawa nyingine kabisa. Funzo lake ni kwamba hujui kitendo kidogo kitazaa nini. Nahodha wa jahazi analijua hilo: kusi na kaskazi anazitegemea, lakini tufani ya wiki ya tatu kuanzia leo haapii. Kwa hiyo hutazama mawingu kila siku. Kiongozi mwenye mpango wa miaka mitano angeanza hapo.

Sasa nawauliza mliofurahia mafunzo haya: leteni jambo moja lililopimwa kabla na baada. Muda wa mzigo kutoka, malalamiko ya wateja, idadi ya walioacha kazi, lolote. Likija, na kama kilicholeta nafuu ni kwanta na si chakula kizuri cha hoteli na siku mbili za kupumzika, nitabadili msimamo hapa hapa mbele yenu.