Shahada ya afya ya umma au diploma ya afya ya mazingira? Naomba ushauri

Binti wa Likoni
Assalamu alaikum wanajamvi. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana nikapata C+, na sasa nina barua mbili. Ya kwanza ni ya shahada ya afya ya umma katika chuo kikuu, miaka minne. Ya pili ni ya diploma ya afya ya mazingira katika KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba cha Kenya, miaka mitatu. Ami yangu, ambaye ndiye mlipa karo, ashikilia kwamba shahada ni shahada, na kwamba hatatoa pesa zake ili mtoto wa ndugu yake akakague vyoo vya watu. Mimi mwenyewe, nikisema kweli, tofauti siijui vizuri. Kilichonivuta ni chikungunya iliyotulaza nyumba nzima mwanzoni mwa 2018, nyanya akawa hawezi kushika kikombe kwa maumivu ya vidole. Alikuja bwana afya, hakutoa dawa yoyote, akaenda moja kwa moja hadi kwenye mapipa ya maji uani. Kazi ile ndiyo niitakayo. Ni barua ipi itakayonifikisha?

Mstaafu wa Kisauni
Wa alaikum salaam, mwanangu. Bwana afya huyo aliijua kazi yake. Mbu aenezaye chikungunya na dengue si yule wa malaria: huyu huuma mchana, hutaga katika maji yaliyotulia ndani ya vyombo vyetu wenyewe, na mayai yake hunata ukutani mwa pipa yakastahimili ukavu kwa miezi. Kumwaga maji peke yake hakutoshi, sharti pipa lisuguliwe. Sasa fikiria mji ambao maji ya mfereji huja kwa zamu, kila nyumba ina mapipa na mitungi ya akiba, na akiba hiyo ndiyo kitalu cha mbu. Ukimwambia mama wa nyumba asiweke maji, atakuona hujui maisha. Ukimwomba afunike kwa kifuniko kinachobana na kusugua kila wiki, huenda akakusikiliza, hasa ukiinama ukasugua naye pipa la kwanza. Mimi nilijifunza hayo baada ya kufukuzwa nyua kadhaa.

Kuhusu vyoo, mfikishie ami yako salamu zangu. Huku kwetu Mombasa ardhi ni mchanga na mawe ya matumbawe, maji ya choo cha shimo hupenya upesi, na kisima huchimbwa uani humo humo. Anayekagua choo anakagua maji ya kunywa.

Mhitimu Asiye na Leseni
Dada, jina la shahada lisikudanganye kama lilivyonidanganya mimi. Kwa mujibu wa sheria ya Kenya ya 2013, afisa wa afya ya umma hafanyi kazi hiyo mpaka asajiliwe na kupewa leseni na baraza la maafisa na mafundi wa afya ya umma, PHOTC. Nilisoma miaka minne, nikavaa joho, ndipo nikaambiwa kwamba mtaala wa chuo changu haukuwa umeidhinishwa na baraza hilo. Kaunti, ambazo ndizo zinazoajiri tangu huduma za afya zigatuliwe, huuliza leseni kwanza. Leo naingiza takwimu katika mradi wa mashirika, na mradi ukiisha mkataba nao umekwisha. Kabla ya shilingi ya kwanza kulipwa, uliza barazani, si chuoni.

Mhesabu Wagonjwa
Nakubaliana na kaka kuhusu leseni, lakini shahada isitupwe. Huko ndiko utakakopata epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea katika jamii, na takwimu kwa kina, na pana watu waliojenga maisha yao kwa elimu hiyo Kilifi, ambako KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti wa afya, wamekuwa wakifanya utafiti pamoja tangu 1989. Chukua mfano wa ndui. Mgonjwa wa mwisho duniani kuambukizwa ugonjwa huo kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali mjini Merka, Somalia, mwaka 1977, kwa jina Ali Maow Maalin. Chanjo ilikuwapo kwa muda mrefu. Ndui ilikwisha kwa sababu kulikuwa na watu wa kumtafuta kila mgonjwa, kuwaorodhesha wote waliomkaribia na kuwachanja hao. Hiyo ni kazi ya daftari na miguu. Ukichukua diploma, waweza kuendelea na shahada baadaye huku una leseni mkononi. Usisahau pia bandari ya Kilindini, ambako maafisa wa afya hukagua meli kwa Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005. Vijana wengi wa hapa hata hawajui kwamba kazi hiyo ipo.

Binti wa Likoni
Ahsanteni nyote. Nimepiga simu chuo kikuu, wakaniambia mtaala wao “uko katika harakati za kuidhinishwa”. Barazani nitauliza kesho. Ami nimemsomea majibu yenu yote. Alinyamaza, kisha akaniita tupime hatua kutoka chooni hadi kisimani. Ni kumi na mbili.

Mstaafu wa Kisauni
“Katika harakati” si idhini, mwanangu. Wakupe kwa maandishi. Na hatua kumi na mbili hazifiki hata nusu ya mita 30 zinazopendekezwa. Msiyanywe maji hayo bila kuyachemsha au kuyatia klorini, na ami yako apeleke sampuli ikapimwe.