Mrejesho: Mama mdogo na dawa za TB

Habari zenu wapendwa. Niliomba ushauri kuhusu mama mdogo wangu wa Mbagala, mgonjwa wa TB, aliyekuwa anaruka dozi ingawa dawa zinatolewa bure. Wengi mliniambia nisimgombeze, nimuulize kwanza anakula nini. Mungu awabariki.

Mlikuwa sahihi. Anafua nguo za watu, na siku akikosa kibarua anashinda na chai ya rangi tu. Akimeza vile vidonge na njaa, kichefuchefu kinamkamata hadi anashikilia ukuta. Kliniki nayo ilikuwa mbali, nauli ya daladala ndiyo hiyo hiyo hela ya unga. Angefanyaje?

Tulikwenda pamoja kwa muuguzi tukamweleza yote. Hakufoka hata kidogo. Alimhamishia zahanati ya jirani, akamwambia tumbo likisumbua ameze na chakula kidogo, maana kuacha dawa katikati ya ile miezi 6 ya matibabu kunaweza kuleta TB sugu. Sasa muuza uji wa pale mtaani anamwekea kikombe kila asubuhi, sisi ndugu tunalipa Jumapili. Dozi hairukwi tena, na shavu limeanza kurudi.

Kinachoniumiza bado ni mwenye nyumba, anataka ahame akiogopa kuambukizwa, wakati mgonjwa anayemeza dawa vizuri uwezo wake wa kuambukiza hushuka haraka. Mhudumu wa afya wa mtaa amekubali kwenda kuzungumza naye. Kama kuna aliyepitia hili, naomba aniambie alilimalizaje.