Frieda von Bülow alikuwa nani, na huku kusini alifika?

Kijana wa Mikindani: Habari za leo wadau, wakubwa shikamooni. Natembeza wageni hapa Boma la Mikindani, kuna mgeni kaniuliza kuhusu Frieda von Bülow, anasema ni mama wa Kijerumani alokuja kusaidia wagonjwa enzi za Carl Peters, yule Mjerumani alotafuta koloni huku. Huyu alikuwa nani hasa? Na nimsimulie kama mfadhili au mkoloni tu kama wengine?

Mzee wa Ng'apa: Marahaba kijana. Huyo ni wa ukoo wa kibwanyenye, kazaliwa Berlin 1857, baba yake alikuwa konsuli Smyrna kule Uturuki. Mdogo wake Margarethe alikufa 1884 akimwokoa mtoto alozama kwenye barafu, inasikitisha sana. Mwaka 1885 akakutana na Peters, kisha akashiriki kuanzisha chama cha wanawake cha kupeleka wauguzi koloni, 1887 akaja mwenyewe Zanzibar na Dar. Malaria ikamrudisha 1888, miezi michache tu kabla pwani haijawaka moto, Lindi na Mikindani watu wakawatimua maofisa wa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki aloianzisha Peters.

Binti Newala: Mzee wangu umeeleza vizuri ila vitabu vyake navyo tuviseme. Peters alifukuzwa kazi 1897 kwa kuwanyonga Waafrika kule Kilimanjaro, halafu 1899 huyu mama anatoa riwaya ambayo shujaa wake kamchora kwa sura ya huyohuyo Peters! Mi hapo ufadhili siuoni kabisa.

Msomaji Lindi: Dada ujasiri lakini alikuwa nao. Ndugu yake Albrecht aliuawa 1892 vitani na Wachaga wa Moshi, yeye Frieda 1893 akarudi kusimamia shamba la marehemu Tanga, mwanamke hajaolewa, enzi zile.

Binti Newala: Ujasiri sikatai kaka. Ila shamba lile ardhi ya nani, na jembe walishika kina nani? Wauguzi wale walikuja nyuma ya kampuni ileile babu zetu waliyoipiga vita, kwa hiyo Kijana wageni waambie yote mawili kwa pamoja, ukisema dawa useme na bunduki.

Kijana wa Mikindani: Ahsanteni sana. Kwa hiyo na Boma letu hahusiki?

Mzee wa Ng'apa: Hahusiki. Kazi zake ni Zanzibar, Dar na Tanga, akaondoka moja kwa moja 1894, Boma hilo limejengwa 1895.