Wakuu, "run" imeniumbua mbele ya wageni

Dereva_Arusha: Wakuu, mimi ni dereva wa watalii, Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Juzi tuko njiani kwenda Ngorongoro, mzee mmoja Mwingereza akaninong'oneza: "I've got the runs." Nikajua ni mtu wa mazoezi. Nikamjibu kwa bashasha kwamba kesho asubuhi nitamtafutia njia nzuri ya kukimbia. Mkewe akacheka hadi machozi. Kumbe tumbo linamwendesha! Na choo kiko mbali. Yaliyofuata siyasimulii.

Sasa naliandika neno hilo kwenye daftari. Bomba lina-run, pua ina-run, injini ina-run, anayegombea urais naye ana-run. Nimefika maana 14, kichwa kinauma. Nyie mlizimezaje?

Mwl_Mstaafu: Mwanangu, 14 ndiyo kwanza unapasha. Peter Gilliver, mhariri wa ile kamusi kubwa ya Oxford, alikaa na kitenzi hicho miezi 9, akakuta maana 645. Usikariri. Tazama tu kwamba nyingi zina wazo la kitu kinachokwenda mfululizo: maji, kamasi, injini, na hilo tumbo la mzee wa watu.

MtotoWaNgamiani: Jibu umeliandika mwenyewe. Tumbo linamwendesha, wewe unaendesha gari, bosi wako anaendesha kampuni. Mzungu anayejifunza Kiswahili naye anatafuta usukani wa tumbo uko wapi 😂

Binti_Kamusi: Mkuu, shika neno pamoja na jirani yake. "Run out of diesel" ni kuishiwa dizeli. "Run late" ni kuchelewa. "Run over" mtu, hapo umemgonga, jiandae na trafiki. Ila "run into" mtu mara nyingi ni kukutana naye bila kutarajia, usije ukaogopa bure. Ni kama piga pasi, piga kura, piga chafya. Nani alikufundisha "piga" peke yake?

Dereva_Arusha: Shikamoo mwalimu, na asanteni wote. La mwisho: jana mgeni mwingine, tulipokuwa tunapanga kubadilisha ratiba, alisema "run it by me first". Nikaelewa anataka nifanye chapuchapu.

Binti_Kamusi: Hapana, alitaka umweleze kwanza, akikubali ndipo ubadilishe.

Dereva_Arusha: Mungu wangu. Hoteli nimeshalipia.