MREJESHO: Albamu yetu ya kwanza tuliyorekodi chumbani

Wakuu, salaam. Niliwahi kuuliza namna ya kuua mwangwi chumbani, maana bendi yetu ya muziki wa majaribio ilikuwa inarekodi albamu ya kwanza nyumbani. Asanteni sana mliojitokeza.

Mablanketi mazito ndiyo yaliyotuokoa. Tuliyatundika nyuma ya mwimbaji kama mlivyosema, kwa sababu maiki yetu husikia zaidi upande wa mbele, na ukuta ulio nyuma ya mwimbaji ndio unaoirudishia mwangwi. Tukarekodi kwa biti 24 (kipimo cha undani wa sauti ya kidijitali), sauti kubwa kabisa zikiishia karibu na desibeli -12, yaani desibeli 12 chini ya kikomo ambapo sauti huanza kupasuka. Hakuna kilichopasuka, hata pale mpiga gitaa alipoburuza kijiko kwenye nyuzi (huo ndio wimbo ninaoupenda kuliko yote).

Ngoma ndizo zilizotusumbua. Blanketi hunyonya sauti za juu, besi inapita tu, chumba kikawa kinavuma. Tumepunguza masafa ya karibu na hezi 100 (sauti nzito za besi), zikapoa kidogo, ila bado hazijakaa sawa. Tunaiachia albamu hivyo hivyo.

Mkuu uliyeshauri tununue spika kubwa, samahani, hilo tumeliruka.