Naomba ushauri: kasuku wangu anapiga kelele kupita kiasi, majirani wamechoka

Mwenye uzi
Wakuu, habari zenu. Nina kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, nilimpokea akiwa mkubwa kutoka kwa ndugu yangu aliyehama. Ni ndege mwerevu. Anaongea, anapiga mluzi, anaiga mlio wa simu mpaka nachomoa yangu mfukoni. Shida yangu si maneno yake. Nasemea ile sauti kali moja anayoirudia kama king'ora.

Alfajiri anaanza, anatulia. Jioni giza likianza kuingia anaanza tena. Mchana ananyamaza, ila nikivuka mlango wa chumba tu, kelele. Nikirudi kumwangalia ananyamaza hapo hapo na kuinamisha kichwa nimkune shingo. Nikiondoka, kelele. Nikimkaripia ndiyo kabisa anapandisha.

Majirani wanalalamika, na wana haki yao. Nyumbani wengine wanasema tumgawe. Mimi sitaki, maana ndege hawa wanaweza kuishi miaka 40 na zaidi na huyu ameshabadilisha nyumba tayari. Anataka nini hasa? Na inawezekana akaacha?

Kivuli cha Mwembe
Pole mkuu. Akianza, funika tundu kwa shuka nene. Atanyamaza sasa hivi.

Msitu Mnene
Mkuu Kivuli, atanyamaza kweli, lakini ni kwa sababu ameingiziwa giza mchana. Kilichomfanya aite bado kipo, na shuka likitoka ataendelea pale pale alipoachia. Shuka lina kazi yake usiku, lisiwe adhabu.

Mwenye uzi, soma tena ulichoandika. Umeshajibu nusu ya swali lako: ukivuka mlango analia, ukirudi ananyamaza. Huyo anakuita.

Kasuku ni ndege wa kundi. Hawa wa kijivu porini hulala wengi pamoja juu ya miti, asubuhi wanatawanyika kutafuta chakula, jioni wanarudi. Saa hizo mbili msitu mzima unapiga kelele, kila mmoja akiwajulisha wenzake kuwa yupo. Mchana, ndege asipomwona mwenzake anatoa mlio wa kuita na kungoja jibu. Kwake kukosa jibu ni jambo la hatari, kwa sababu ndege aliyeachwa peke yake ndiye anayeliwa. Kundi lake sasa ni wewe. Hakukomoi hata kidogo.

Kuna jambo la kukutia moyo hapa. Mwaka 2011 mtafiti Karl Berg na wenzake walichapisha utafiti juu ya kasuku wadogo wa kijani huko Venezuela. Waliona kwamba kila kinda hupata mlio wake wa kumtambulisha kutoka kwa wanaomlea. Mayai yalipohamishwa kutoka kiota kimoja hadi kingine, makinda walitoka na milio inayofanana na ya walezi, si ya ndege waliowataga. Yaani milio ya kuitana kasuku anaweza kujifunza. Basi usihangaike kumfanya anyamaze. Mfundishe mlio mwingine wa kukuitia, ambao ninyi na majirani mnaweza kuishi nao.

Chagua mluzi mfupi ambao tayari anaupenda. Ukitaka kutoka chumbani, upige wewe kwanza, kabla hajalia. Ukiwa upande wa pili upige tena. Akikujibu kwa mluzi huo, mjibu kila mara, hata kama mikono yako imejaa povu la sabuni. Huna haja ya kurudi, sauti yako inatosha. Mwanzoni toka kidogo tu na urudi akiwa bado ametulia, halafu urefushe polepole.

Akipiga ile sauti kali, usiende, usimtazame, usiseme neno. Kumkaripia nako ni jibu: ameita, kundi limeitikia kwa sauti kubwa. Subiri apumzike, hata kwa pumzi moja, ndipo umpigie mluzi. Na jiandae, siku za mwanzo atazidisha kelele, kwa kuwa njia aliyoizoea imegoma naye anaisukuma kwa nguvu zaidi. Ukikubali kwenda hapo, utakuwa umemfundisha kwamba inabidi apige kwa nguvu zaidi ndipo uje. Watu wote wa nyumbani wafuate utaratibu huo huo. Akiwepo mmoja anayekimbilia tundu, kazi yote inarudi nyuma.

Unyoya
Naunga mkono, ila tuhakikishe kwanza si mgonjwa. Mwenye uzi, kelele zilianza ghafla? Ndege huficha ugonjwa mpaka hali iwe mbaya. Ukimwona kajitutumua manyoya mchana kutwa, mkia unapanda na kushuka kila anapovuta pumzi, kinyesi kimebadilika au anajinyonyoa, acha mafunzo na umpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua ndege. Mpime uzito kila wiki kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu. Uzito huanza kushuka kabla macho yako hayajaona kitu.

Anakula nini, na analala saa ngapi?

Mwenye uzi
Asanteni sana. Haikuanza ghafla, ndugu yangu naye alikuwa analalamika. Manyoya yake ni mazuri, anakula vizuri. Chakula ni mbegu za alizeti na matunda kidogo. Analala sebuleni, na televisheni huwa inawaka hadi usiku. Pia amependa kujipenyeza chini ya kochi na kuchanachana makaratasi, nikimtoa huko anakuwa mkali. Nikimpapasa mgongoni anatulia, anashusha mabawa kidogo na kutetemeka.

Mama Bawa
Mwanangu, hapo kwenye kochi na mgongo ndipo penye jambo. Chini ya kochi kuna giza, pamebana, pana karatasi za kuchana: kwake hicho ni kiota. Na kumpapasa mgongo au chini ya mabawa ni mguso wa dume na jike. Ukiviweka pamoja, unamwamsha hamu ya kuzaa mwaka mzima, na ndege wa namna hiyo hulia zaidi na huuma. Ziba nafasi ya chini ya kochi. Mkune kichwa na shingo tu. Atakuja kukugeuzia mgongo, wewe rudisha kidole shingoni.

Usingizi nao. Anahitaji saa 10 hadi 12 za giza na utulivu. Mtafutie tundu dogo la kulalia kwenye chumba kisicho na pilikapilika. Hata mtoto asiyelala vizuri hushinda analia.

Mbegu za alizeti pekee zina mafuta mengi, hazina vitamini A ya kutosha wala kalsiamu, na hawa wa kijivu wakipungukiwa kalsiamu hupata degedege. Ongeza mboga za majani na chakula maalumu cha kasuku, kidogo kidogo, maana ni wagumu kubadilika. Parachichi na chokoleti asiguse, ni sumu kwake.

Kivuli cha Mwembe
Nimeelewa kuhusu shuka. Je, akimletea mwenzake wa kuzungumza naye?

Msitu Mnene
Anaweza kupata ndege wawili wanaoita badala ya mmoja, na hakuna hakika kwamba watapatana. Pia kasuku wa kijivu yuko kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, tangu 2017, kwa hiyo biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Usinunue ndege asiye na karatasi. Akimpa kazi huyu aliye naye, itamsaidia zaidi. Porini hutumia sehemu kubwa ya siku kutafuta chakula, ndani ya tundu anamaliza bakuli mara moja na kubaki hana la kufanya. Funga mbegu chache ndani ya karatasi nyeupe, sokota ncha, tumbukiza kwenye boksi lenye mabonge mengine matupu. Mara ya kwanza mfungulie nusu, aone kilichomo.

Mwenye uzi
Wakuu, nimerudi. Mluzi ameushika! Nikiwa chumba kingine ananipigia, namjibu, anaendelea kuchana boksi lake. Tumemhamishia chumba cha kulala peke yake na alfajiri sasa anachelewa kuanza. Jioni bado ni vile vile. Nifanye nini?

Mama Bawa
Ya jioni hutaiondoa yote, iwekee utaratibu. Kabla giza halijaanza, mtoe kwenye tundu, mwogeshe kwa maji ya kunyunyiza, ongea naye, imbeni, apige kelele zake mkiwa pamoja madirisha yamefungwa. Halafu boksi la karatasi, halafu kulala. Usimsogeze jikoni ili awe karibu na watu: sufuria zisizoshika chakula zikipata moto kupita kiasi hutoa moshi unaoua ndege kwa muda mfupi sana. Na majirani waambie saa yenyewe ya kelele na inapoisha, wajue mnalifanyia kazi.