Naomba ushauri: mke wangu ana mzio wa kamba na anataka kula pad thai (tambi za Kithai za kukaanga) Bangkok

Habari zenu wakuu. Mwezi ujao naenda Bangkok na mama watoto, na ameng'ang'ania twende Thip Samai, ule mgahawa wa pad thai wa barabara ya Maha Chai ambao watu hupanga foleni hadi nje. Shida ni kwamba hawezi kula kamba. Mwaka jana hapa Dar alionja kijiko kimoja tu cha tambi za Kithai, dakika kumi hazijapita midomo imevimba, macho hayafunguki, tukakimbilia hospitali. Sitaki kuyaona tena yale.

Sahani yao maarufu, ile inayofungwa ndani ya yai, tambi zake hukaangwa kwa mafuta ya kamba. Hata pad thai ya kawaida mara nyingi huwekwa kamba wadogo waliokaushwa, kwa hiyo kumwambia mhudumu aondoe wale wakubwa wa juu hakusaidii kitu. Nimejifunza kusema "phae kung", yaani ana mzio wa kamba, lakini je, karai si ni lile lile?

Mliowahi kula pale, wanakubali kupika kwenye karai safi? Au nimpeleke kwingine, na ni wapi? Dawa zake tutabeba, ila moyo wangu hautulii.